Jenasi Mpya ya Nyenje: Nani Huamua, na kwa Ushahidi Gani?

Mwaka 2025, watafiti wakiongozwa na Hui Jiang wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, walitangaza jenasi mpya ya nyenje na kuiita Eoplatypleura. Nyenje wenyewe ni wawili tu, wote majike, na walikufa miaka ipatayo milioni 47 iliyopita. Miili yao imebaki kama alama kwenye mawe ya Messel, machimbo ya zamani karibu na mji wa Darmstadt, na mawe hayo yalikuwa tayari katika mkusanyo wa taasisi ya Senckenberg kabla ya mtu yeyote kuandika kwamba humo mna jenasi ngeni.

Hapo ndipo wasomaji wengi hukwama. Ikiwa wadudu walikuwa kabatini siku zote, kilichogunduliwa mwaka 2025 ni kipi hasa? Na sisi wa Uganda, ambao nyenje wazima wanatupigia kelele mpaka masikio yanauma, tunaingiaje katika habari ya mawe ya Ujerumani? Tunaingia moja kwa moja, kwa sababu kundi ambamo Eoplatypleura imewekwa lilidhaniwa kuwa limezaliwa Afrika. Lakini ili kulifikia hilo inabidi kwanza tufahamu jenasi ni kitu gani, maana magazeti huitaja kana kwamba ni mdudu aliyeokotwa chini ya mti.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Nyenje ninayemzungumzia ni yule wa mitini, mwenye kichwa kipana, macho yaliyotokeza pembeni na mabawa marefu kuliko tumbo. Hulia mchana jua likiwa kali. Siyo chenene, anayelia usiku kwenye nyufa za jikoni. Ukiwa safarini kwenda Jinja, gari likasimama Najjembe katikati ya msitu wa Mabira, na wauza gonja na kuku wa kijiti wakajazana madirishani, ule mlio mkali usiokatika unaotoka kwenye miti nyuma yao ni wake.

Wengi huku humhesabu kuwa ndugu wa senene, kwa kuwa wote wana mabawa na wote wana sauti. Undugu huo haupo. Senene ana meno ya kutafuna, na sauti yake huitoa kwa kusugua bawa juu ya bawa. Nyenje hana cha kutafunia: ana mrija mgumu anaouchoma kwenye mti na kufyonza maji yanayopanda kutoka mizizini. Kwa hiyo amewekwa katika oda moja, yaani kundi moja kubwa la wadudu, na vidukari wa kwenye maharage. Kunguni pia yumo humo, na kwa nasaba nyenje yuko karibu zaidi na kunguni wa kitandani kuliko senene wa kwenye kikaango. Wapenda nyenje watanisamehe.

Anayepiga kelele ni dume. Kila upande wa sehemu ya mbele ya tumbo lake kuna utando mgumu wenye mbavu, uitwao timbali. Msuli wa ndani huuvuta utando huo, mbavu zikakunjika moja baada ya nyingine, kila moja na mlio wake; msuli ukilegea, utando hurudi mahali pake na kulia tena. Mchezo huo hurudiwa kwa kasi ambayo sikio letu haliwezi kuitenganisha, nasi tunasikia mlio mmoja mrefu. Tumbo la dume lina uwazi mkubwa wa hewa unaokuza sauti. Brevisana brevis, nyenje wa Afrika, alipimwa akafikisha desibeli 106.7 kwa umbali wa sentimita 50, na anatajwa kuwa miongoni mwa wadudu wenye sauti kubwa kuliko wote duniani.

Ukitaka kumchunguza bila kumkimbiza, tafuta ganda lake. Nyenje huishi udongoni miaka kadhaa akiwa tunutu, akifyonza mizizi, kisha jioni moja hutoka, hupanda shina na kujivua. Asubuhi utalikuta ganda limeng'ang'ania gome la mti, la kahawia, jepesi kiasi cha kupeperushwa na pumzi. Miguu ya mbele ni minene na ina meno ya kuchimbia. Mgongoni pana mpasuko ulionyooka, na ukichungulia ndani utaona nyuzi nyeupe zinazoning'inia. Nyuzi hizo ni bitana ya mirija yake ya kupumulia: mdudu anapojivua, huvua hata ngozi ya ndani ya njia zake za hewa. Matope yaliyokauka kwenye kucha bado yanaonyesha alikotoka.

Sasa jenasi. Tangu Carl Linnaeus alipochapisha toleo la 10 la Systema Naturae mwaka 1758, kila mnyama anayetambuliwa na sayansi ana jina la sehemu mbili. Ya pili humtaja yeye katika spishi yake, yaani aina yake mahususi. Ya kwanza, yenye herufi kubwa, ndiyo jenasi. Kwa mtu aliyekulia Buganda, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Watu wa ukoo wa Nsenene au wa Mamba hawakuwekwa pamoja kwa kufanana pua au kimo. Wanahesabiana kwa babu mmoja. Jenasi inadai vivyo hivyo. Wote waliomo wawe wametokana na babu mmoja, na asiachwe nje mjukuu yeyote wa babu huyo eti kwa sababu amebadilika sura. Jenasi inayokusanya watoto wa mababu tofauti kwa sababu tu wanafanana huvunjwa mara tu jambo hilo linapobainika.

Ila mwanaukoo anajijua, na nyenje hajijui. Jike huutambua wimbo wa dume wa spishi yake na kumfuata; wa spishi nyingine hujililia bure. Kwa hiyo spishi ina mipaka ambayo wadudu wenyewe huilinda. Mpaka wa jenasi hauna mlinzi. Undugu ni wa kweli, umo katika damu na historia yao, lakini mahali pa kukata na kusema "kuanzia hapa ni jenasi nyingine" panaamuliwa na binadamu. Hakuna kipimo cha tofauti za DNA kinachosema ukifika hapa umevuka. Wataalamu wawili wakikubaliana kabisa juu ya mti mmoja wa nasaba bado wanaweza kuukata mahali tofauti, na wote wakawa wamefuata kanuni. Kwa maoni yangu hilo ndilo linalopaswa kusemwa kila habari ya aina hii inapotoka, na ndilo linalokosekana mara nyingi. Kuvumbua mdudu ni tukio moja. Kutangaza jenasi ni hoja, na hoja hujibiwa.

Jenasi mpya huja kwa njia mbili. Njia inayovutia magazeti ni ya mdudu asiyeingia popote. Njia ya kawaida zaidi ni kupasua jenasi ya zamani. Nyenje wakubwa wa kiangazi wa Amerika Kaskazini waliitwa Tibicen kwa muda mrefu, jina ambalo lenyewe lilizozaniwa kwa miongo. Uchunguzi wa DNA na maumbile ulipoonyesha kwamba humo walikuwa wamechanganywa watu wa nasaba mbalimbali, mwaka 2015 baadhi yao wakapewa jenasi mpya ya Neotibicen na wengine Hadoa, na mwaka 2016 wale wakubwa zaidi wakatengwa wakaitwa Megatibicen. Hakuna mguu wala bawa lililobadilika. Walioamka na jina jipya ni wale wale waliokuwa wakilia juu ya miti ya watu miaka yote. Vitabu vya shule na lebo za makumbusho ndivyo vilivyopata kazi.

Mfano wa upande wa pili tunao hapa nyumbani. Katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale, magharibi mwa Uganda, alipatikana mdudu mdogo mfyonzaji mwenye mng'ao wa chuma, jamaa wa mbali wa nyenje. Mtafiti Alvin Helden wa Chuo Kikuu cha Anglia Ruskin, Uingereza, alimtangaza mwaka 2022 kwa jina la Phlogis kibalensis. Mdudu alikuwa mgeni kabisa, lakini jenasi ilikuwa ya zamani. Phlogis ilishatambuliwa, ila ilikuwa adimu mno: mara ya mwisho ilirekodiwa Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 1969. Kwa hiyo mtu anaweza kuokota kiumbe cha ajabu msituni na asipate jenasi mpya, na mwingine akaipata bila kuondoka ofisini.

Ofisini kunafanyika nini? Kazi ya macho na subira. Nyenje huchomwa pini, mabawa yakatandazwa, na vyumba vilivyo kati ya mishipa ya bawa vikahesabiwa. Kwa kawaida bawa la mbele huwa na vyumba vinane ukingoni mwa ncha, na anayepungukiwa au kuzidiwa huandikwa. Hupimwa upana wa kichwa dhidi ya upana wa kifua, miiba ya paja la mbele, umbo la vifuniko vya tumboni vinavyokinga masikio, idadi ya mbavu za timbali. Kisha inakuja sehemu ambayo wengi huona haya kuitaja, nayo ndiyo yenye ushahidi mwingi. Ncha ya tumbo la dume hukatwa na kulowekwa katika kemikali kali, potasiamu haidroksaidi, mpaka nyama laini iyeyuke na viungo vya uzazi vibaki safi. Huchorwa chini ya darubini kutoka kila upande, halafu huhifadhiwa ndani ya kichupa chenye gliserini kinachochomwa kwenye pini ile ile, chini ya mdudu, juu ya lebo. Viungo hivyo hutofautiana kutoka kundi hadi kundi kuliko rangi, na havibabuki kwa jua.

Baada ya hapo inabidi kulinganisha, na hapo ndipo miaka inapokwenda. Huwezi kusema kitu ni kipya hujaona vya zamani vyote vinavyokaribiana nacho. Kwa kawaida spishi ina kielelezo chake kikuu, holotaipu, mdudu mmoja anayelibeba jina. Picha zinasaidia, lakini kuna mambo ambayo picha ya mgongo haitayaonyesha kamwe.

Kanuni za Kimataifa za majina ya wanyama nazo zina masharti yake. Anayeunda jenasi lazima ataje spishi moja iwe nanga ya jina. Ikija kuonekana baadaye kwamba spishi hiyo ni ya jenasi iliyotangulia, jina jipya linakufa na la zamani linabaki, maana aliyetangulia ndiye mwenye haki. Jina lisiwe limeshatumiwa kwa mnyama mwingine yeyote, awe nzi, samaki au konokono; mtu akikuta kuna mende anayelitumia tangu karne ya 19, analazimika kutafuta jingine. Tangu mwaka 2012 makala ya kielektroniki inakubalika, mradi isajiliwe katika daftari la ZooBank. Ambacho kanuni hazifanyi ni kuamua kama jenasi yako ni ya kweli. Zinalinda jina tu. Ukweli wake unapimwa na wenzako, kwa kukubali kulitumia jina au kulipuuza.

Na wenzako wanaweza kukosea wote kwa pamoja kwa miaka mia. Kwa muda mrefu makundi makubwa ya nyenje yaligawanywa kwa kutazama kama timbali imefunikwa na kigamba au iko wazi. Kigezo kilionekana imara: kinaonekana kwa macho, kiko kwa kila dume, na kinahusu sauti, ambayo ndiyo maisha ya nyenje. DNA iliposomwa kwa mapana, ikaonekana kwamba kigamba hicho kilijitokeza au kupotea zaidi ya mara moja katika nasaba zisizo jirani. Makala kubwa ya mwaka 2018 iliyoongozwa na David Marshall ilipanga upya familia nzima ya nyenje, yenye spishi zaidi ya 3,000 zilizotambuliwa, na ndani yake likazaliwa tawi jipya lililoitwa Tettigomyiinae, ambalo wengi wa wanachama wake ni wa Afrika. Walikuwa wametawanywa katika makundi mengine kwa sababu ya sura.

Kwa mwanga huo, turudi Messel. Ziwa la kale lililokuwa pale lilijaa kwenye shimo la mlipuko wa volkano, na chini yake hapakuwa na oksijeni, kwa hiyo waliozama hawakuliwa wala kuoza upesi. Mawe yake yana mafuta na maji ndani; yakikauka hupasuka vipande, ndiyo maana wadudu wa Messel hutunzwa ndani ya gliserini. Mwaka 1995 UNESCO iliingiza machimbo hayo katika Urithi wa Dunia, baada ya miaka ya mabishano na waliotaka kuyageuza jaa la taka.

DNA haipo humo. Dume hayupo, kwa hiyo hakuna timbali ya kuhesabu wala viungo vya kuloweka. Kilichobaki ni umbo la mwili, na zaidi ya yote mabawa: upana wake, mpangilio wa mishipa, hata mabaka ya rangi. Hivyo vilitosha kuwaweka wale majike wawili katika kundi la Platypleurini, nyenje wenye mwili mpana na mara nyingi mabawa ya mbele yenye mabaka. Kundi hilo kwetu si geni. Jenasi ya Platypleura, yenye spishi nyingi Afrika na Asia, imo. Ugada imo, nyenje wakubwa wa misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, jenasi iliyoundwa mwaka 1904 na W. L. Distant, aliyekuwa akifanya kazi katika makumbusho ya London. Brevisana, yule wa desibeli 106.7, naye yumo.

Mbona basi wasiwekwe tu ndani ya Platypleura? Kwa sababu mchanganyiko wa alama zao haulingani na jenasi yoyote iliyopo, na kumwingiza mdudu wa miaka milioni 47 katika jenasi ya leo ni kudai kwamba jenasi hiyo ina umri huo, dai ambalo mabawa mawili hayawezi kulibeba. Kuunda jenasi mpya hapa ni namna ya kuwa mwangalifu. Mimi nakubaliana nao, ingawa ningesema pia kwamba uamuzi huu ni laini kuliko ule wa jenasi yenye madume na DNA, na sitashangaa mtu akiusogeza siku moja.

Kilichotikisika hasa ni kalenda. Makadirio ya awali, yaliyotokana na kuhesabu mabadiliko ya DNA, yalisema Platypleurini walianzia Afrika kati ya miaka milioni 30 na 25 iliyopita na kuenea kutoka hapa. Hesabu za namna hiyo hutegemea visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyomo mawéni, vya kuziwekea mizani, na visukuku vya nyenje ni haba. Messel imeuongeza umri wa kundi kwa miaka isiyopungua milioni 17. Hapo hakuna ubishi.

Mahali pa kuzaliwa ni jambo jingine, na hapa naona baadhi ya waandishi wa habari waliruka mbele. Kupatikana Ujerumani hakumfanyi mtu kuwa mzaliwa wa Ujerumani. Majike wawili wanathibitisha kwamba kundi lilikuwa limeshafika Ulaya wakati huo. Hawathibitishi kwamba halikuwa Afrika, wala kwamba lilitoka huko. Ili kulijua hilo tunahitaji mambo mawili ambayo bara hili linayo na halijayatumia ipasavyo.

La kwanza ni nyenje walio hai. Nasaba ya Platypleurini haiwezi kunyooka bila sampuli mpya za DNA kutoka misitu kama Budongo, Kibale, Bwindi na Mabira. Kielelezo cha mwaka 1904 kilichokauka kabatini hakitoi DNA kwa urahisi, na jina lake mara nyingi liko Ulaya pamoja nacho. Njia ya kisheria ipo: kibali cha utafiti hutolewa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na ukitaka kuingia hifadhi ya taifa unaongea na Mamlaka ya Wanyamapori, ukitaka Mabira unaongea na Mamlaka ya Misitu. Kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Makerere kipo tayari Kanyawara, ndani ya Kibale. Mwanafunzi mwenye taa, shuka jeupe na simu ya kurekodi sauti anaweza kukusanya kwa mchana na usiku mmoja vitu vya kumpa kazi mwaka mzima, akikumbuka kurekodi wimbo kabla ya kumkamata mwimbaji na kuandika mahali na tarehe papo hapo. Mdudu asiye na lebo ni pambo tu.

La pili ni mawe ya umri unaofaa. Uganda ina Napak na Moroto kule Karamoja, ambako nyani wa kale wametoka ardhini, lakini mawe yale yana miaka ipatayo milioni 20. Hata akipatikana nyenje humo hataamua chochote. Eoplatypleura anamzidi umri zaidi ya mara mbili. Lililo karibu zaidi na Messel kwa umri na kwa asili liko Mahenge, mkoani Singida, Tanzania. Nalo lilikuwa ziwa ndani ya shimo la volkano, la miaka ipatayo milioni 46, na matope yake yametunza majani, chura, samaki wa jamii ya sato na popo aliyeitwa Tanzanycteris. Bawa moja la nyenje mwenye mabaka likionekana kwenye jiwe la pale, Afrika itakuwa na Platypleurini wa rika moja na wale wa Messel, na mjadala wa kundi hili lilizaliwa wapi utafunguliwa upya.